Tonge la Tekla

Tulipomzika Tekla kule Mpui, mvua zilikuwa hazijakaza, na udongo ulikuwa mgumu kiasi kwamba vijana waliochimba walilalamika kwa sauti. Alikuwa amekula chumvi nyingi kuliko walivyodhani wote waliomtabiria kufa mapema. Nywele zake zilishaingia mvi, na kanisani walijaa watu wengi kuliko niliowahi kuwaona kwenye mazishi ya mtu asiye na mume, asiye na mtoto, asiye na cheo. Watu walipoanza kutawanyika nilikaa uani kwa mdogo wake, Deo, nimevua viatu, maana siku hizi miguu yangu haitaki kusimamishwa muda mrefu. Akaja jirani yao mmoja, mwanamke kijana mwenye mtoto mgongoni, akanipa shikamoo, akamshusha mtoto mapajani mwake. Nilipomwona mtoto usoni nilishtuka kidogo. Macho yaleyale ya Tekla yaliyoinuka pembeni, shingo ileile fupi, vidole vilevile vifupi vinene. Mama yake akaniambia kuwa hospitalini Sumbawanga walimweleza kwamba hiyo inaitwa hali ya Down, kwamba mtoto amezaliwa nayo na hakuna aliyemroga. Lakini la kufanya mtoto akikataa kujilisha, hilo hakuna aliyemweleza. "Bibi," akasema, "nasikia wewe ndiye uliyemfundisha marehemu kula. Ulifanyaje?" Nikamjibu kwamba si mimi niliyemfundisha. Hakuniamini, ikabidi nimsimulie, na tangu siku hiyo mwaka ule umekuwa ukinirudia kwa vipande, nikiwa jikoni, nikiwa kwenye ibada, hata nimeona afadhali niuandike wote kwa mara moja.

Nilikuwa nimemaliza darasa la nne nasubiri kusikia kama nitapata nafasi ya kuendelea, na wakati wa Mwingereza msichana anayesubiri nafasi hakuachwa asubiri akiwa amekaa. Nilipelekwa Mpui kwa mama mdogo, ambaye alikuwa mjamzito na amelemewa na kazi. Nilisafiri kutoka Sumbawanga juu ya magunia ya chumvi, kwenye lori la mfanyabiashara mmoja wa mjini, mzee wa Kiislamu aliyenipa andazi na kunionya nisilale nisije nikaanguka. Sikulala. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanguka na uwanda wote ulikuwa umefunguka, matuta ya mwaka uliopita yamebomolewa na kusawazishwa tayari kwa ulezi, na kila mahali watu walikuwa wameinama. Nyumba ya mama mdogo ilikuwa ya udongo, ya vyumba vitatu, na jiko lake lilisimama peke yake upande wa nyuma, jeusi kwa moshi ndani na nje. Nililipenda lile jiko tangu siku ya kwanza. Lilikuwa na joto, na Ufipa baridi si mzaha. Tena kuta zake zilikuwa nyembamba, kwa hiyo aliyekuwa ndani alisikia kila kilichosemwa uani, na mimi kwa kusikiliza yasiyonihusu nilikuwa hodari.

Mlangoni pa jiko hilo, juu ya ngozi ya mbuzi, ndipo alipokaa Tekla, binti wa mama mdogo. Alikuwa na umri wa miaka mitano hivi. Alitembea kwa kuyumba, maneno yake yalikuwa machache na aliyatoa kwa uchoyo, lakini kucheka hakuchoka. Ama kula, hakuwahi kujua kwamba mtu huweza kujilisha, kwa sababu hakuna aliyempa nafasi ya kujua. Mama mdogo alimlisha asubuhi, kaka yake mkubwa, Yusto, alimlisha mchana, na kila jirani aliyepita pale akakuta chakula kimetengwa alinawa, akakata tonge, akalichovya na kumtia Tekla mdomoni kabla hajajikaribisha mwenyewe. Walisema ni baraka kumlisha mtoto wa namna ile, na kumpita bila kumlisha ilikuwa kukosa adabu. Nilimwambia Yusto kwamba dada yake amekuwa sanduku la sadaka, kila apitaye anatumbukiza chake. Yusto alicheka mpaka akapaliwa, kisha akaenda kunisemea kwa mama yake. Niligombezwa vizuri sana.

Baba mdogo ndiye pekee ambaye hakumlisha. Alikuwa mtu mkimya, mrefu, mwenye mikono mikubwa ya jembe, na nilimwogopa. Siku moja mvua ikiwa inanyesha, nikiwa jikoni nachambua maharage, yeye na mama mdogo walisimama chini ya ukingo wa paa, hawakujua nipo. Nyumbani tulizungumza Kifipa, na kwa Kifipa maneno yale yalikuwa na ukali zaidi kuliko ninavyoweza kuyaandika hapa.

"Mtoto akizaliwa utakuwa na wawili wa kulisha kwa mkono," alisema baba mdogo. "Nani atalima? Mimi peke yangu?"

"Nitalima naye mgongoni."

"Na Tekla? Utambeba kichwani? Nimeshazungumza na dada. Tukifika kupura ulezi na bado hajaweza kula mwenyewe, atakuja kumchukua. Kule bondeni Mtowisa nyumba yake ina watu wengi, hatakosa wa kumlisha."

"Mtowisa kuna homa, Baba Yusto. Kifua chake unakijua. Akishuka bondeni hatapanda tena."

Nilisikia hatua za baba mdogo zikielekea zizini kwenye tope, kisha nikasikia mama mdogo akipenga kamasi. Nilibaki na maharage mkononi. Sikuwa mtoto mwenye huruma nyingi, nakiri, lakini nilikuwa mbishi, na lile neno "hajaweza" lilinikera. Hakuna aliyekuwa amemwona akijaribu.

Kwa maana mimi nilimwona akijaribu mambo mengine. Tekla alikuwa na kibuyu kidogo chenye shingo nyembamba, na kila asubuhi, nikichambua maharage, alichukua punje mojamoja na kuiingiza mdomoni mwa kile kibuyu. Vidole vyake havikuwa vyepesi. Punje ilimponyoka, ikaviringika, naye akageuka mwili mzima, akaitafuta chini ya kinu, akairudisha, ikamponyoka tena. Jua lilipanda mpaka kwenye mlango yeye yupo palepale. Siku moja Yusto akamwonea huruma, akachota maharage kwa kiganja na kumjazia kibuyu chote. Tekla alilia kwa hasira ambayo sikuwahi kuiona kwake. Akakipindua kibuyu, akayamwaga yote, akaanza upya. Mtu asiniambie mtoto yule alikuwa mvivu au hana akili ya kung'ang'ania jambo. Ung'ang'anizi alikuwa nao wa kutosha na kubaki, kuliko mimi na masomo yangu. Alichokosa ni sababu ya kuupeleka kwenye ugali.

Nilijaribu kumpa sababu kwa njia ya kitoto. Nilimshika mkono, nikautia kwenye bakuli, nikaukunja. Hapo ndipo nilipogundua ujanja wake. Akiona jambo limekuwa gumu mbele ya watu, aliinua mikono yote miwili na kupiga kelele, "Amina!" kama alivyosikia kanisani, ambako Amina yake siku zote ilifika baada ya Amina ya watu wote, padre akiwa ameshaendelea mbele. Hakuna mtu pale nyumbani aliyeweza kuisikia Amina ile asicheke. Wakishacheka, mmoja wao alimlisha. Nilimtazama akitafuna tonge la watu huku ananiangalia kwa macho yale yaliyoinuka, nikasema moyoni, huyu ametushinda akili sote.

Njia yenyewe aliionyesha yeye, na ilitokea bila mpango. Mama mdogo alikuwa shambani, nami nilikuwa nakandika sakafu ya jiko kwa udongo na kinyesi cha ng'ombe, nimechafuka mpaka viwikoni. Njaa ilinikamata. Ugali wa ulezi ulikuwa umefunikwa karibu na Tekla, na mimi sikutaka kwenda kunawa kisha nije nichafuke tena. Nikapiga magoti mbele yake, nikafungua mdomo wazi, nikasema kwa mzaha, "Haya, Tekla, nilishe basi. Mimi leo sina mikono." Alinitazama kwa muda mrefu. Akaitazama mikono yangu, akautazama mdomo wangu. Halafu akatia kiganja kizima kwenye ugali, akang'oa bonge, na kunipaka nalo puani, shavuni na kidogo sana mdomoni. Nilitafuna hicho kidogo kwa mbwembwe zote. Hajawahi mtu kufurahi namna ile kwa kunipaka ugali machoni. Akachota tena.

Ndipo nikaelewa, na hata leo nikilikumbuka nafurahi. Maisha yake yote alikuwa ameona kwamba ugali ni kitu ambacho mtu humtilia mwenzake mdomoni. Hakuwahi kuona haja ya kujitilia. Lakini kumtilia mwingine, hilo alilitaka kwa moyo wake wote, na hakuna aliyewahi kumfungulia mdomo.

Basi mvua zote zile nililishwa. Kila mchana, tukiwa wawili jikoni, nilikaa mbele yake na mikono nyuma, nikasubiri. Bonge likiwa kubwa mno nilijifanya nimekabwa, naye akashtuka, akalipunguza. Likiwa halina mboga nilitikisa kichwa mpaka alichovye. Ugali wa ulezi unanata, anayeujua anajua. Ulimganda vidoleni, ukaanguka kwenye majivu, ukaliwa na kuku. Aliuanza upya kama alivyoanza upya maharage yake. Nilijifunza kutomsifu mapema, maana nikipiga makofi kabla hajamaliza aliacha kazi akapiga makofi na yeye. Nilijifunza kutomtazama sana pia. Nilitazama moto, nikamwachia muda, mpaka niliposikia kitu cha moto kinagonga meno yangu. Kufikia wakati watu wanatengeneza matuta mapya, Tekla aliweza kukata tonge, kulifinyanga mpaka likawa duara, kulibonyeza kwa dole gumba na kuchota mchuzi bila kumwaga hata nusu.

Ikabaki kazi chungu zaidi. Siku moja akaleta tonge lake zuri, nami nikafumba mdomo. Akagonga midomo yangu. Nikakaza. Akakunja uso, akalia, akalitupa. Nikamwambia mama mdogo kwamba siku hiyo mtu yeyote asimlishe Tekla mpaka ajilishe mwenyewe, na mama mdogo akanitazama kama amemfuga nyoka.

"Utaniulia mtoto kwa njaa wewe Skola!"

"Mama mdogo, akishushwa Mtowisa je?"

Akakubali kwa midomo, lakini baadaye nilimkuta nyuma ya ghala la ulezi, amechuchumaa na tumbo lake, anampa Tekla uji kwa siri, wote wawili wamejibanza kama wezi. Tekla alikuwa na uji mpaka kidevuni. Mama mdogo alinitazama, nami nikamtazama, halafu akaanza kucheka na kulia kwa pamoja, akasema, "Siwezi, mwanangu. Mkono unakwenda wenyewe." Nilikaa naye pale. Niliona kwamba kwa upande wake kutomlisha Tekla lilikuwa jambo gumu kuliko kubeba mimba na jembe kwa wakati mmoja. Kesho yake alinikabidhi mtoto asubuhi, akaenda shamba la mbali kabisa ambalo hakuwa na shughuli nalo, ili asisikie. Mchana ule nilifumba mdomo, Tekla akanigonga kwa tonge, akasubiri, akalitazama. Samaki mkavu wa ziwa Rukwa alikuwa ndani ya mboga ile na harufu yake ilikuwa tamu. Akalisogeza tonge mdomoni mwake polepole, akiniangalia kama anayefanya kosa, akalila. Nilitoka nje nikaruka peke yangu nyuma ya jiko mpaka kuku wakatimka.

Ningependa kusema kwamba hapo mambo yalikwisha. Jikoni, tukiwa wawili, alikula kwa mkono wake hadi akasaza. Lakini wakitokea watu ilikuwa Amina na mikono juu. Sikukuu ya Pasaka walikuja wageni, na baba mdogo, ambaye mama mdogo alikuwa amemweleza habari njema, alisimama mlangoni aone. Nilimtengea Tekla bakuli lake. Aliwatazama wageni mmoja mmoja, akainua mikono, "Amina!" Nyumba nzima ikacheka, na mwanamke mmoja wa jirani akamlisha kabla sijamzuia. Baba mdogo hakucheka. Aligeuka akatoka, na mgongo wake ulikuwa na uchovu ambao kabla ya hapo sikuwahi kuuona. Nilianza kufikiri kwamba pengine yeye naye hakutaka Tekla ashuke bondeni, ila alikuwa hajui njia nyingine. Sikuwahi kumwuliza.

Deo alizaliwa ulezi ulipokuwa unakauka. Mtoto mzima, mwenye sauti. Na kabla hatujamaliza kuvuna akafika shangazi kutoka Mtowisa, amepanda mlima kutoka bondeni kwa miguu na kapu la samaki wakavu kichwani. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia na nikashindwa. Alikuwa mwanamke mnene mchangamfu, watoto wake wameshaoa na kuolewa, na alimkumbatia Tekla kwa mapenzi ya kweli. Saa hiyohiyo alimchambulia samaki, akamtoa miiba na kumlisha nyama yake yote. "Nitamlisha mpaka awe mnene kama mimi," alisema. Mama mdogo alikuwa kitandani na mtoto mchanga, akageukia ukutani. Nguo za Tekla zilikuwa zimeshafuliwa, zimeanikwa kwenye ua.

Siku ya kupura ulezi upepo ulivuma vizuri. Majirani walikuja na fimbo zao, wakapiga masuke kwa zamu huku wanaimba, makapi yakaruka mpaka kwenye nywele za kila mtu. Jioni haijafika kazi ikawa imekwisha, wanaume wakakaa kwenye baraza ya uani na pombe yao, wanawake tukapeleka ugali na samaki wa shangazi. Kwetu, anayeitisha watu kumsaidia kazi hali kabla yao. Hukaa nao, huwakaribisha, lakini hanawi mikono mpaka waliomfanyia kazi wameshiba, la sivyo ataambiwa aliwaita ili wamshibishe yeye. Kwa hiyo baba mdogo alikaa kwenye kigoda chake katikati ya watu wanaokula, mikono imelala juu ya magoti. Mimi nilikuwa nimejitenga jikoni na Tekla, nimemtengea bakuli, mgongo wangu mlangoni ili asiwaone watu. Nilitaka ale pale kwanza, nimwite baba yake aje achungulie kwenye upenyo. Alikata tonge, akalifinyanga, akalichovya. Kisha akachungulia kando yangu, kuelekea barazani, akatulia. Akaniambaa akatoka.

Nilimwacha, au niseme sikuwahi kumkamata. Alivuka ua akiyumba, mkono mmoja mbele, mchuzi unamdondoka mpaka kiwikoni. Watoto wa kike hawakuwa na shughuli barazani wakati wanaume wanakula. Tekla alipita kati ya miguu yao, akasimama mbele ya mtu pekee ambaye mdomo wake ulikuwa hautafuni, akamwinulia tonge.

Baba mdogo alilitazama. Akawatazama wageni wake, ambao walikuwa wameacha kula. Mzee mmoja alikohoa. Tekla alisubiri kwa ule utulivu wake, mkono hakuushusha. Baba mdogo akainama akafungua mdomo.

Alitafuna kwa muda mrefu kuliko tonge lile lilivyohitaji. Tekla akakaa chini palepale, kando ya bakuli la wanaume, akatia mkono. La kwanza lilimponyoka likaanguka juu ya mkeka. Mzee aliyekohoa akanyoosha mkono wake amsaidie, na baba mdogo akaudaka. "Mwache," akasema. Tekla akakata lingine. Akalifinyanga, akalibonyeza, akachovya, watu wote wale wanamtazama, akalitia mdomoni mwake mwenyewe. Halafu lingine. Mama mdogo alikuwa amesimama mlangoni na Deo kifuani, na sikujua amefika pale saa ngapi.

"Dada," baba mdogo akaita kuelekea upande wa wanawake. "Kesho utashuka peke yako."

Shangazi alikuwa ameshika ncha ya kitenge chake machoni. "Nimeshaona," akajibu. "Msogezeeni mboga."